Kulisha Mtamba wa Maonesho: Hali Nzuri ya Mwili na Kuongeza Uzito

Mtahiniwa, mada hii inaunganisha mambo manne ambayo huenda uliyasoma kila moja kwa wakati wake: virutubisho, usagaji wa chakula kwa wanyama wanaocheua, utunzaji wa malisho, na hesabu za mchanganyiko wa chakula. Swali moja la insha linaweza kuyagusa yote manne. Mtahiniwa aliyekariri orodha ya vyakula tu hukwama mara anapoambiwa "eleza kwa nini" au "kokotoa". Kwa hiyo soma ukiwa na karatasi na kalamu, na kila hesabu irudie mwenyewe.

Tutatumia mfano wa mfugaji wa Mgololo, wilayani Mufindi, anayemwandaa mtamba wake kwa paredi ya mifugo ya Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Kama unaishi Rungwe, Njombe au Mbozi, kanuni ni zilezile. Badilisha tu aina ya malisho.

1. MANENO YA KUANZIA

Mtamba ni ng'ombe jike aliyekwisha kuachishwa maziwa lakini hajazaa. Akizaa mara ya kwanza, si mtamba tena.

Hali ya mwili ni kiasi cha nyama na mafuta alichonacho mnyama juu ya mifupa yake. Hupimwa kwa alama 1 hadi 5.

Ongezeko la uzito ni kilo anazoongeza mnyama katika kipindi fulani. Tukigawanya kwa idadi ya siku tunapata ongezeko la uzito kwa siku.

Kitu kikavu ni sehemu ya chakula inayobaki baada ya kuondoa maji yote. Majani mabichi ya tembo yana kitu kikavu kama asilimia 20 tu. Yaani ukibeba mzigo wa kilo 20 kichwani, chakula chenyewe ni kilo 4; kilo 16 ni maji.

Angalizo: hali ya mwili na uzito si kitu kimoja. Mtamba mrefu mwenye mifupa mikubwa anaweza kuwa na kilo nyingi na bado akawa amekonda. Mwingine mfupi anaweza kuwa na kilo chache na akawa amenenepa kupita kiasi. Ndiyo maana mfugaji makini hupima vyote viwili.

2. KWA NINI MTAMBA WA NANE NANE HULISHWA TANGU MASIKA

Tazama kalenda ya Nyanda za Juu Kusini. Mvua huanza Novemba au Desemba na kukatika kati ya Aprili na Mei. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali. Mufindi na Kitulo hupata hata sakitu. Majani hukauka au hudumaa. Sikukuu ya wakulima ni tarehe 8 Agosti, katikati ya kiangazi. Mnyama anatakiwa aonekane vizuri kuliko wakati wowote, katika kipindi ambacho malisho yako katika hali mbaya.

Mgololo ina ugumu wake wa ziada. Vilima vingi vimefunikwa na misindano na mikaratusi inayolisha kiwanda cha karatasi, na sehemu nyingine za Mufindi ni mashamba ya chai. Majani ya miti hiyo si chakula cha ng'ombe. Maeneo ya kuchungia ni haba, kwa hiyo wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huwafungia bandani na kuwakatia majani. Ng'ombe wa bandani hawezi kujitafutia. Usichomletea hakipati.

Sasa fanya hesabu hii. Mtamba chotara ana kilo 180 tarehe 1 Aprili. Mfugaji anataka aongeze kilo 0.6 kwa siku, ongezeko zuri kwa mtamba chotara anayelishwa vizuri.

Siku kutoka 1 Aprili hadi 8 Agosti = 129
Ongezeko = 129 × 0.6 = kilo 77.4
Uzito siku ya paredi = 180 + 77.4 = kilo 257 hivi

Jirani yake ana mtamba wa uzito uleule, lakini anaanza kumlisha vizuri tarehe 1 Julai. Zimebaki siku 38. Ili aongeze kilo zilezile 77.4, mtamba huyo angepaswa kuongeza kilo 2.04 kila siku. Hilo haliwezekani. Akijaribu kulilazimisha kwa kumjazia unga wa mahindi, atapata mnyama mgonjwa.

Hilo ndilo jambo kuu la somo hili: hali ya mtamba tarehe 8 Agosti huamuliwa kabla mvua hazijakatika. Mwezi wa mwisho hutumika kumsafisha, kumfundisha kutembea kwa kamba na kumzoesha watu.

3. ALAMA ZA HALI YA MWILI

Usimtazame tu, mguse. Manyoya ya wakati wa baridi huficha ukondefu. Pitisha kiganja sehemu nne: mbavu, uti wa mgongo, mifupa ya nyonga na shina la mkia.

Alama 1: amekonda sana. Mbavu zote zinahesabika kwa mbali, uti wa mgongo umechongoka, shina la mkia lina shimo refu pande zote.
Alama 2: amekonda. Mbavu zinaonekana, mifupa ya nyonga imetokeza.
Alama 3: hali nzuri. Mbavu hazionekani wazi lakini ukibonyeza kidogo unazihisi. Shina la mkia lina bonde dogo.
Alama 4: amenenepa. Lazima ubonyeze kwa nguvu ndipo uhisi mbavu. Mafuta yameanza kukusanyika kwenye shina la mkia.
Alama 5: amenenepa kupita kiasi. Mifupa haishikiki, shina la mkia limezama katika mafuta.

Mtamba wa maziwa anayekwenda maoneshoni anatakiwa awe na alama 3 hadi 3.5. Wengi huandika 5 wakidhani kubwa ndiyo bora. Usikosee hapo.

Kwa nini mafuta mengi ni hasara? Toa sababu hizi tatu:

(a) Kiwele. Mtamba mdogo, hasa wa kati ya miezi 3 na 10, akipewa nishati nyingi na protini kidogo, mafuta hujaa kwenye kiwele mahali ambapo tishu za kutengeneza maziwa zingekua. Akizaa, kiwele kinaweza kuonekana kikubwa lakini maziwa ni machache.

(b) Uzazi. Mtamba aliyenenepa sana hushika mimba kwa shida.

(c) Kuzaa. Mafuta hubana njia ya uzazi, na ndama anaweza kukwama.

Hapa ndipo utaona kwamba mada hii haihusu utepe wa ushindi peke yake. Wafugaji wengi wadogo wa nyanda hizi walipata ng'ombe wao wa kwanza kwa mpango wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba, na ndama jike wake wa kwanza unamkabidhi jirani aliye kwenye foleni. Mtamba aliyeharibiwa kwa mafuta akishindwa kushika mimba, nyumba mbili zinakosa maziwa: ya mwenye ng'ombe na ya jirani anayesubiri. Vilevile, watu huja Nane Nane kununua. Anayenunua mtamba kwa kuvutiwa na mng'ao wa unene anaweza kuwa ameweka ada ya mtoto wake kwenye mnyama asiyezaa.

4. KUPIMA UZITO BILA MZANI

Mizani ya ng'ombe ni ghali. Futi ya fundi cherehani inatosha. Mnyama asimame wima, miguu minne sawa, kichwa mbele.

Pima mzingo wa kifua (M): zungusha futi nyuma ya miguu ya mbele.
Pima urefu wa mwili (U): kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio.

Uzito (kilo) = M × M × U ÷ 10,840, vipimo vikiwa katika sentimita.

Mfano: M = 150, U = 125.
150 × 150 × 125 = 2,812,500
2,812,500 ÷ 10,840 = kilo 259 hivi

Haya ni makadirio. Yawe na manufaa kwa kupima kila baada ya wiki mbili, saa ileile, kabla ya chakula cha asubuhi. Ng'ombe aliyetoka kunywa ndoo mbili za maji "ameongezeka" kwa saa chache tu.

Uzito pia hukuambia lini mtamba apandishwe. Kanuni ni asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe aliyekomaa wa aina yake. Kama chotara wa aina hiyo akikomaa hufika kilo 430, basi 430 × 60 ÷ 100 = kilo 258. Linganisha na kilo 257 tulizopata kwenye sehemu ya 2. Mtamba wetu akifika Nane Nane katika uzito huo, anakuwa tayari kwa uhimilishaji. Mlo uliomfaa kwa paredi ndio unaomfaa kwa uzazi.

5. MAHITAJI YA MTAMBA

Maji. Mtamba wa kilo 250 huhitaji takriban lita 25 hadi 35 kwa siku. Akipungukiwa maji hula kidogo, na asiyekula haongezeki. Wakati wa baridi usimpe maji yaliyolala nje usiku kucha. Atakunywa kidogo mno.

Nyuzinyuzi. Zinatoka kwenye majani na hei. Tumbo la ng'ombe lina sehemu nne, na ya kwanza, rumeni, ina mabilioni ya vijidudu vinavyovunja nyuzinyuzi. Nyuzinyuzi ndizo humfanya acheue. Kucheua huleta mate, na mate hupunguza asidi ya rumeni.

Nishati. Inatoka kwenye wanga wa pumba na nafaka, na kwenye nyuzinyuzi zilizovunjwa. Ikipungua, protini huchomwa kama kuni badala ya kujenga mwili.

Protini. Hujenga misuli, mifupa na tishu za kiwele. Ndama wa miezi 3 hadi 6 huhitaji mlo wenye protini kama asilimia 16. Kwa mtamba wa zaidi ya mwaka mmoja, kama asilimia 12 inatosha.

Madini. Kalsiamu na fosforasi kwa mifupa, sodiamu kutoka kwenye chumvi, na madini mengine kwa kiasi kidogo. Pumba zina fosforasi nyingi lakini kalsiamu kidogo. Majani makavu ya kiangazi yana fosforasi kidogo. Ndiyo sababu huongezwa mchanganyiko wa madini na jiwe la kulamba.

Vitamini. Majani mabichi na hei iliyohifadhi rangi ya kijani vina chanzo cha vitamini A. Hei iliyonyeshewa na kuwa kahawia imepoteza sehemu kubwa ya chanzo hicho.

6. KUCHANGANYA CHAKULA CHA ZIADA

Katika vijiji vya Iringa na Mbeya, pumba za mahindi hupatikana mashineni, na mashudu ya alizeti hupatikana kwa wakamuaji wa mafuta. Tuchukue kwamba pumba zina protini asilimia 10 na mashudu asilimia 28. Katika mtihani utapewa tarakimu, tumia ulizopewa. Tunataka mchanganyiko wa asilimia 16. Tumia mraba wa Pearson.

Hatua ya 1: Andika 16 katikati ya mraba, 10 (pumba) juu kushoto, na 28 (mashudu) chini kushoto.

Hatua ya 2: Toa kwa mshazari, ndogo kutoka kubwa.
28 − 16 = 12, hizi ni sehemu za pumba.
16 − 10 = 6, hizi ni sehemu za mashudu.

Hatua ya 3: Jumla ya sehemu = 18.

Hatua ya 4: Kwa kilo 100:
Pumba = 12 ÷ 18 × 100 = kilo 66.7
Mashudu = 6 ÷ 18 × 100 = kilo 33.3

Hakiki: 66.7 × 0.10 = 6.67, na 33.3 × 0.28 = 9.33. Jumla ni kilo 16 za protini katika kilo 100. Sawa.

Kwa lugha ya ghalani, ni kilo mbili za pumba kwa kilo moja ya mashudu. Pima kwa uzito, si kwa ndoo, kwa sababu ndoo ya pumba ni nyepesi kuliko ndoo ya mashudu.

Kisha ongeza kilo 3 za mchanganyiko wa madini na kilo 1 ya chumvi. Sasa mchanganyiko ni kilo 104, na protini imeshuka kidogo: 16 ÷ 104 × 100 = asilimia 15.4. Watahiniwa wengi hawaoni hilo.

Kosa la kawaida katika mraba ni kusahau mshazari na kuandika 12 kwa mashudu. Jiulize: kipi ni ghali na kina protini nyingi? Mashudu. Kwa lengo lililo karibu zaidi na protini ya pumba, mashudu lazima yawe machache.

7. MLO WA SIKU MOJA

Mtamba hula kitu kikavu kama asilimia 2.5 ya uzito wake.

Mtamba wa kilo 250: 250 × 2.5 ÷ 100 = kilo 6.25 za kitu kikavu.

Mlo wa kwanza: kilo 1.5 za chakula cha ziada na majani ya tembo peke yake.
Chakula cha ziada (kitu kikavu asilimia 90): 1.5 × 0.9 = kilo 1.35
Kinachobaki: 6.25 − 1.35 = kilo 4.9
Majani mabichi: 4.9 ÷ 0.20 = kilo 24.5
Protini ya majani (asilimia 8 ya kitu kikavu): 4.9 × 0.08 = kilo 0.39
Protini ya chakula cha ziada: 1.5 × 0.154 = kilo 0.23
Jumla kilo 0.62, sawa na asilimia 10 ya mlo. Haitoshi; tunahitaji 12.

Wengi hapa hukimbilia kuongeza mashudu. Kuna njia nafuu zaidi: malisho ya jamii ya mikunde kama desmodiamu, yanayopandwa kati ya mistari ya majani ya tembo.

Mlo wa pili: kilo 18 za majani ya tembo, kilo 5 za desmodiamu mbichi, kilo 1.5 za chakula cha ziada.
Kitu kikavu: 3.6 + 1.25 + 1.35 = kilo 6.2 (desmodiamu kitu kikavu asilimia 25)
Protini: majani 3.6 × 0.08 = 0.29, desmodiamu 1.25 × 0.17 = 0.21, chakula cha ziada 0.23. Jumla kilo 0.73.
Asilimia: 0.73 ÷ 6.2 × 100 = karibu 12. Imetosha.

Kilo tano za desmodiamu kutoka shambani zimeziba pengo bila kwenda dukani. Ukiulizwa "namna ya kupunguza gharama za chakula cha mifugo", huu ni mfano mzuri wenye hesabu.

Majani ya tembo yakatwe yakiwa na urefu wa mita moja hivi. Yakizidi hapo shina hukomaa na protini hushuka. Mtamba atajaza tumbo na kubaki na mbavu nje. Yakatekate vipande vifupi, na umwekee horini mara kadhaa kwa siku badala ya mzigo mmoja asubuhi.

8. KUWEKA AKIBA KABLA YA KIANGAZI

Mvua zinapokaribia kukatika, majani huwa mengi kuliko ng'ombe wanavyoweza kula. Huo ndio wakati wa kutengeneza hei na sileji.

Hei: kata nyasi zinapoanza kutoa maua, zianike siku mbili au tatu za jua, zigeuze, zifunge robota na kuzihifadhi mahali pakavu palipoinuliwa kutoka ardhini. Mufindi ina ukungu na manyunyu, hivyo chagua siku kwa uangalifu.

Sileji: katakata mahindi mabichi au majani ya tembo, shindilia ndani ya shimo au mifuko ya nailoni hadi hewa itoke, kisha ziba kabisa. Bakteria hutengeneza asidi inayozuia kuoza. Sileji huwafaa zaidi wakazi wa sehemu zenye ukungu kwa sababu haitegemei jua.

Kiasi gani? Tuseme mtamba ana wastani wa kilo 240 na kiangazi ni Juni hadi Novemba, siku 183.
Kitu kikavu kwa siku: kilo 6. Toa 1.35 ya chakula cha ziada, inabaki 4.65.
Hei (kitu kikavu asilimia 85): 4.65 ÷ 0.85 = kilo 5.5 kwa siku
5.5 × 183 = takriban kilo 1,000
Robota likiwa na kilo 20, ni marobota 50. Ongeza asilimia 10 kwa yatakayoharibika: marobota 55.

Mabua ya mahindi na makapi ya maharage husaidia kujaza pengo, lakini mabua peke yake hayanenepeshi. Lazima yaambatane na chakula chenye protini.

9. NAMNA YA KUBADILISHA CHAKULA, NA HATARI ZAKE

Vijidudu vya rumeni huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea chakula kipya. Anza hivi:
Siku ya 1 hadi 4: kilo 0.5 za chakula cha ziada
Siku ya 5 hadi 9: kilo 1.0
Siku ya 10 na kuendelea: kilo 1.5, nusu asubuhi na nusu jioni

Ukivunja utaratibu huu, jihadhari na haya:

Asidi nyingi tumboni. Husababishwa na nafaka au unga mwingi wa ghafla. Dalili: haacheui, anaharisha, anachechemea, anaweza kufa.

Tumbo kujaa gesi. Husababishwa na mikunde michanga yenye umande. Upande wa kushoto hutuna kama ngoma. Zuia kwa kumpa nyasi kavu kwanza na kuacha mikunde inyauke kabla ya kumpa.

Sumu ya yurea. Yurea iliyozidi au isiyochanganywa vizuri huua haraka. Kamwe usimpe ndama, wala mtamba yeyote bila maelekezo ya mtaalamu.

Sumukuvu. Pumba, mashudu au mahindi yenye ukungu si "chakula cha ng'ombe". Kilichoharibika kwa mtu kimeharibika kwa mnyama pia, na sumu yake hupita kwenye maziwa.

Kumbuka pia kwamba mtamba mwenye minyoo au kupe hatanenepa hata ukimlisha vipi. Dawa ya minyoo na kuogesha ni sehemu ya mpango wa kulisha.

10. WIKI YA MAONESHO

Kutoka Mgololo hadi Mbeya ni safari ndefu kwa lori, kupitia Makambako. Mtamba hupoteza uzito njiani kwa sababu ya kiu, hofu na kusimama. Fanya haya:

- Beba hei na chakula cha ziada alichozoea kitakachotosha siku zote. Usitegemee kununua chakula kipya kule.
- Siku ya safari mpe hei na maji. Usimpe chakula kingi cha ziada.
- Mpe mapumziko na maji mara afikapo, kisha mrudishe kwenye kiwango chake cha kawaida.
- Usimnyime maji na kisha kumnywesha kwa nguvu asubuhi ya paredi ili tumbo lijae. Ni ukatili, na mpimaji mzoefu ataligundua.

Ukifika viwanjani, tembelea mabanda ya mashamba ya serikali ya kuzalisha mitamba kama Sao Hill au Kitulo yakiwapo. Gusa mbavu kama ruhusa ipo. Dakika tano hizo zinafundisha alama ya 3 kuliko ukurasa huu.

11. JINSI YA KUJIBU SWALI LA INSHA

Swali likisema "Eleza mambo ya kuzingatia katika kulisha mtamba ili awe na hali nzuri ya mwili", usianze kuorodhesha pumba na mashudu. Panga hivi: utangulizi wenye maana ya mtamba na hali ya mwili, hoja (lengo la uzito na upimaji, mlo kamili, maji, akiba ya kiangazi, kubadilisha chakula polepole, kinga ya magonjwa), kila hoja iwe na sababu na mfano, hitimisho fupi. Hoja isiyo na sababu ni nusu ya hoja.

12. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtamba ana mzingo wa kifua sentimita 140 na urefu wa mwili sentimita 120. Kadiria uzito wake na kitu kikavu anachohitaji kwa siku.

2. Una pumba zenye protini asilimia 10 na mashudu ya pamba yenye asilimia 34. Tengeneza kilo 60 za mchanganyiko wa asilimia 14.

3. Mtamba alikuwa na kilo 190 tarehe 10 Aprili na kilo 250 tarehe 8 Agosti. Tafuta ongezeko lake kwa siku.

4. "Mtamba mnene kuliko wote si lazima awe bora kuliko wote." Jadili kwa hoja tatu.

5. Eleza kwa nini sileji inafaa zaidi kuliko hei katika maeneo yenye ukungu mwingi.

Majibu

1. 140 × 140 × 120 ÷ 10,840 = kilo 217. Kitu kikavu: 217 × 2.5 ÷ 100 = kilo 5.4.

2. Pumba sehemu 20, mashudu sehemu 4, jumla 24. Pumba = 20 ÷ 24 × 60 = kilo 50; mashudu = kilo 10. Hakiki: 5 + 3.4 = 8.4, 8.4 ÷ 60 × 100 = asilimia 14.

3. Siku ni 120 (Aprili 20, Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 8). Ongezeko kilo 60. 60 ÷ 120 = kilo 0.5 kwa siku.

4. Rejea sehemu ya 3: kiwele, uzazi, kuzaa. Ongeza mfano wa mnunuzi au wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe.

5. Hei huhitaji siku kadhaa za jua. Ukungu na manyunyu huiozesha na kupoteza virutubisho. Sileji huhifadhiwa kwa asidi pasipo hewa, haihitaji kukaushwa.

Ukikosa swali la 2, rudi sehemu ya 6 na ubadilishe tarakimu mara tatu hadi mkono uzoee mshazari. Kisha, kama nyumbani kuna mtamba, chukua futi ukampime leo, andika tarehe na uzito nyuma ya daftari, na umpime tena baada ya wiki mbili.